Macho Yakikusumbua, Uende kwa Nani: Bingwa, Tabibu wa Macho, Mtaalamu wa Optometria au Fundi Miwani

Ukiingia kliniki ya macho, karibu kila utakayemkuta amevaa koti jeupe, na karibu kila mmoja wao huitwa daktari. Kazi zao ni tofauti sana, na kumkosea unayemhitaji kuna gharama. Gharama ndogo ni ya muda na nauli: mtu wa miaka 45 asiyeona tena herufi za simu anapanga foleni hospitali ya rufaa tangu alfajiri, kumbe anahitaji miwani ya kusomea tu, kipimo cha nusu saa karibu na kwake. Gharama kubwa ni ya mwenye presha ya macho anayebadilishiwa miwani dukani kila mwaka huku mshipa wa fahamu wa jicho ukifa taratibu. Mshipa huo ukishakufa, hakuna dawa wala upasuaji wa kuurudisha.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Kama ya kwanza inakuhusu, acha kusoma ukaishughulikie.

Hatua ya 1: Tenga dharura

Kemikali ikiingia jichoni (saruji, chokaa, maji ya betri, jiki, dawa ya shambani) usianze kwa kutafuta daktari, anza kwa kuosha. Inamisha kichwa upande ili jicho lililoumia liwe chini na maji machafu yasiingie kwenye jicho lisiloumia. Fumbua kope kwa vidole viwili, kisha mimina maji safi mfululizo kwa nusu saa nzima. Ya bomba, ya jagi, ya chupa, yote yanafaa. Kwa chokaa na saruji, pindua kope la juu na utoe chembe kwa kitambaa safi kilicholowa, maana chembe moja iliyojificha huko huendelea kuunguza. Vitu hivi ni hatari hata kuliko tindikali nyingi, kwa sababu hupenya ndani zaidi na huendelea kupenya hata maumivu yakishapungua. Ukimaliza kuosha, nenda hospitali yenye idara ya macho siku hiyohiyo.

Kitu kikichoma jicho na kuingia ndani, kama mwiba, waya au kipande cha chuma kilichoruka kwenye grinda, fanya kinyume chake: usioshe, usikichomoe, usikandamize, usitie dawa yoyote. Funika kwa kitako cha kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, bandika kwa plasta, nenda moja kwa moja penye mpasuaji wa macho. Usile njiani, huenda ukahitaji dawa ya usingizi.

Dalili nyingine za kwenda hospitali leo ni hizi:

- uoni wa jicho moja kupotea ghafla, au pazia jeusi kuziba upande mmoja
- nukta nyeusi nyingi zinazoelea zilizoanza ghafla, pamoja na mimweko ya mwanga
- jicho jekundu lenye maumivu makali, kichwa kuuma na kutapika, na taa kuonekana zimezungukwa na pete za rangi
- doa jeupe kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hasa baada ya kuchomwa na jani au kwa anayevaa lenzi za kontakti
- usaha machoni mwa mtoto mchanga wa siku 28 za mwanzo
- mboni ya mtoto kung'aa nyeupe, mara nyingi wazazi huigundua kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi. Inaweza kuwa saratani ya jicho, na kuwahi huokoa maisha ya mtoto, si jicho peke yake

Hakuna hata moja kati ya hizi linalohusu duka la miwani, wala duka la dawa. Hapa tuseme wazi kuhusu matone ya deksamethasoni na betamethasoni, ambayo huuzwa kwa urahisi mno. Wekundu huondoka kwa siku mbili na mgonjwa hudhani amepona. Kama chanzo kilikuwa kidonda cha fangasi au cha virusi vya hepesi, dawa hiyo hukiachia kitambae. Ikitumiwa miezi mingi kwa mzio wa macho, kama wanavyofanyiwa watoto wengi, hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya ndani ya jicho. Dawa yenyewe ni nzuri, ila iandikwe na mtu aliyekwisha kulitazama jicho kwa darubini ya mezani, na atakayekupa tarehe ya kuiacha.

Hatua ya 2: Jipime nyumbani kwa tundu la pini

Kipimo hiki kinachukua dakika kumi, na ndicho kitakachokuonyesha uelekee wapi.

Tundika kalenda ya ukutani penye mwanga mzuri, simama mita 3 kutoka hapo. Kama una miwani ya mbali, ivae. Ziba jicho moja kwa kiganja kilichokunjwa kidogo bila kuligandamiza, kwa sababu jicho lililobanwa litaona ukungu ukilifumbua. Soma kwa jicho lililo wazi, uandike mstari wa mwisho ulioweza. Badili jicho. Watu wengi hugundua hapa kwa mara ya kwanza kwamba jicho moja lilikwisha kuharibika zamani, kwa kuwa jicho zima lilikuwa likilifichia.

Sasa chukua kipande cha boksi, toboa tundu moja la upana wa milimita 1 hivi, ulisogeze karibu kabisa na jicho na usome tena kupitia tundu. Tundu dogo huzuia mwanga uliotawanyika na kupitisha ule ulionyooka tu, kwa hiyo huondoa ukungu unaotokana na umbo la jicho. Haliwezi kuondoa ukungu unaotokana na ugonjwa wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au wa mshipa.

Kama umeona vizuri zaidi kupitia tundu, shida yako kubwa inaelekea ni ya miwani: anza kwa mtaalamu wa optometria, yaani mpima uoni na miwani. Kama hakuna mabadiliko au umeona vibaya zaidi, shuku ugonjwa na umtafute tabibu au bingwa wa macho. Kama mbali unaona safi na tatizo ni maandishi ya karibu tu, nawe umevuka miaka 40, ni lenzi ya ndani ya jicho imekakamaa kwa umri. Humpata kila mtu, na tiba yake ni miwani ya kusomea.

Tundu hili lina upofu wake. Mtoto wa jicho anayeanza tu anaweza kukudanganya kidogo, na presha ya macho haionekani kabisa, kwani huanza kula uoni wa pembeni na kuacha wa katikati hadi mwishoni. Mtu anaweza kusoma mstari wa 6/6 wa chati, yaani uoni wa kawaida kamili, huku mshipa wake umekwisha kuharibika vibaya. Kwa hiyo, aliyevuka miaka 40, na hasa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepofushwa na presha ya macho, apimwe presha na kutazamwa mshipa hata kama anaona kila kitu.

Hatua ya 3: Mjue aliye mbele yako

Bingwa wa macho ni daktari kamili wa binadamu. Amesoma udaktari miaka mitano au sita, akafanya mwaka wa mafunzo kazini, kisha akasomea macho peke yake miaka mitatu au minne, kwa mfano Muhimbili, hospitali ya KCMC ya Moshi au Chuo Kikuu cha Nairobi. Anatambua ugonjwa, anaandika dawa zote za macho, anapasua, anatumia leza. Wapo wanaozama zaidi: wa retina, wa presha ya macho, wa konea, wa watoto na makengeza, wa kope na vifereji vya machozi. Tofauti hii ina uzito. Mwenye kisukari anayevuja damu nyuma ya jicho anamhitaji wa retina, na bingwa wa kawaida aliye mwangalifu atampa rufaa mwenyewe. Kwa namba ya miwani, bingwa huwa hana haja ya kuwa wa kwanza kukuona.

Tabibu wa macho ndiye anayebeba kazi nyingi wilayani, na ndiye anayedharauliwa bila sababu. Tanzania yupo daktari msaidizi wa macho. Kenya yupo afisa tabibu wa macho, aliyesoma utabibu kwanza kisha akaongeza macho KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya), na baadhi yao wamefundishwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Anatibu maambukizi, mzio, majeraha madogo, anapima presha, anaanzisha dawa. Tabibu aliyefunzwa upasuaji na anayetoa mtoto wa jicho kila wiki ni mikono salama kwa mtoto wa jicho wa kawaida wa mtu mzima. Mpaka wake uko kwenye retina, kwenye presha isiyoshuka kwa matone, kwenye mtoto wa jicho wa watoto wadogo, na kwenye mgonjwa mwenye jicho moja tu linaloona. Hao wapande juu.

Muuguzi wa macho huwachuja wagonjwa, huandika kiwango cha uoni, hupindua kope kutafuta trakoma (maambukizi ya macho yanayoweza kukunja kope ndani), hufundisha kutia matone, huandaa wa kupasuliwa. Katika maeneo ya trakoma wapo waliofunzwa kurekebisha kope zilizojikunjia ndani.

Mtaalamu wa optometria si daktari wa tiba, ila ni mtaalamu kamili wa uoni. Tanzania wengi wamesoma KCMC. Kenya wapo wa KMTC na wenye shahada kutoka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Anapima kama jicho linaona mbali au karibu tu, kama umbo lake halikulingana, kama macho mawili yanafanya kazi pamoja, anaandika miwani na lenzi za kontakti, na amefunzwa kutambua ugonjwa ili aupe rufaa. Hapasui.

Ubora wake utaujua kwa jinsi anavyopima. Mashine ya kompyuta, ile unayoegemeza kidevu ukatazama picha ya nyumba au puto, inatoa makadirio tu. Mtaalamu wa kweli huchukua makadirio hayo, akakuvika fremu nzito ya majaribio, akabadilisha lenzi moja moja huku akikuuliza: hii au ile? Kisha anakupima karibu, anakuambia utembee kidogo. Kazi hiyo haiishi kwa dakika tano. Duka linalotoa karatasi ya mashine na kukata lenzi papo hapo linakukosea, na kosa huwa kubwa kwa vijana na watoto, kwa sababu misuli ya jicho changa hukaza ikitazama ndani ya mashine na namba ikaegemea upande wa kutoa (−) kuliko inavyostahili. Matokeo ni miwani inayoumiza kichwa.

Fundi miwani, wengine humwita optisheni, anapokea namba iliyoandikwa na mwingine, anachagua lenzi, anaikata kulingana na fremu, anaikalisha usoni mwako. Ni ufundi wa milimita na unastahili heshima yake. Hana kazi ya kukuambia kama jicho lako ni zima.

Mtaalamu wa uoni hafifu hutajwa mara chache mno. Kama bingwa amemaliza yote na bado huoni vizuri hata kwa miwani, huyu anakupa kioo cha kukuzia, darubini ndogo ya kutazamia ubao, taa sahihi, na mbinu za kutumia uoni uliobaki. Kila mtoto mwenye ualbino apelekwe kwake kabla ya kuanza shule. Miwani humsaidia, lakini peke yake haiwezi kumfikisha 6/6 kwa kuwa retina yenyewe haikukua kama ya wengine. Anayelijua hilo hatamwita mvivu darasani.

Kwa walio ughaibuni majina yanashabihiana lakini mamlaka ni tofauti. Marekani, mtaalamu wa optometria ana shahada ya udaktari ya fani yake, huitwa daktari, na huandika dawa nyingi za macho. Uingereza, unayemkuta kwenye duka la miwani mtaani ndiye mtaalamu wa optometria aliyesajiliwa, na mara nyingi ndiye mlango wa kwanza wa kupata rufaa ya hospitali.

Hatua ya 4: Hakiki, kisha anzia pa karibu

Uliza jina kamili, kada na usajili wake. Tanzania, madaktari wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi wana Baraza la Uuguzi na Ukunga, na wapima macho na mafundi miwani wana Baraza la Optometria. Kenya, madaktari husajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari la huko, na maafisa tabibu wana baraza lao. Cheti kiwe ukutani, na jina lililomo liwe la aliyekaa mbele yako, si la mwenye duka aliyeko mji mwingine.

Kwa jambo lisilo la dharura, anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye kitengo cha macho. Uliza siku ya kliniki kabla ya kusafiri, kwani vituo vingi havina kliniki ya macho kila siku. Ukipewa rufaa, hakikisha karatasi ina mambo manne: kiwango cha uoni cha kila jicho, presha ya kila jicho, kinachoshukiwa, na dawa ulizokwisha kupewa. Rufaa iliyoandikwa "tatizo la macho" tu itakurudisha mwanzo wa foleni. Ukiwa na bima, NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya, uliza mapema kama inalipia kipimo pekee au na miwani pia.

Hatua ya 5: Siku ya kipimo

Beba miwani yote uliyonayo, hata iliyovunjika, chupa za matone unayotumia, na orodha ya dawa nyingine. Mwenye kisukari abebe na daftari la sukari. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho huvimba na namba hubadilika. Ukipimwa miwani wiki hiyo, haitakufaa sukari ikishatulia. Subiri wiki kadhaa za sukari tulivu ndipo upime.

Usiendeshe gari wala pikipiki. Ili nyuma ya jicho lionekane vizuri utatiwa matone ya kupanua mboni. Huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na ukungu hudumu saa 4 hadi 6. Nenda na mtu, kofia na miwani ya jua. Mwenye kisukari ambaye hajawahi kutiwa matone haya hajapimwa macho bado, hata kama ana rundo la karatasi za miwani. Kipimo hicho akirudie kila mwaka.

Kwa anayesubiri kutolewa mtoto wa jicho, uliza swali moja: mmepima urefu wa jicho langu ili kuchagua namba ya lenzi ya kupandikiza? Bila kipimo hicho utawekewa lenzi ya kukadiria, na unaweza kuhitaji miwani mizito baada ya upasuaji uliofanyika vizuri. Na anayekuuzia matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho, muondokee.

Hatua ya 6: Soma karatasi, kagua miwani

Dai karatasi ya namba. Ni yako, hata usiponunua fremu hapo. Tuseme imeandikwa jicho la kulia −1.50 / −0.75 × 180, ADD +2.00. Namba ya kwanza ni nguvu ya kuona mbali, na alama ya kutoa ina maana mbali ndiko kunakusumbua. Ya pili inarekebisha umbo la jicho lisilo duara kamili. Ya tatu ni mwelekeo wake, kati ya 1 na 180. ADD ni nyongeza ya kusomea. Angalia pia PD, umbali kati ya mboni mbili kwa milimita, ambao kwa watu wazima wengi huwa kati ya 54 na 74. Maduka mengi huuacha, halafu katikati ya lenzi hakuangukii kwenye mboni, na mvaaji mwenye namba kubwa anahisi macho yanavutwa.

Ukipokea miwani, ivae dukani. Linganisha namba zilizo kwenye bahasha ya lenzi na za karatasi yako, alama za kuongeza na kutoa zikiwemo. Ziba jicho moja moja usome mbali na karibu. Tembea, shuka ngazi. Kizunguzungu kidogo kwa siku chache ni cha kawaida kwa namba mpya. Kikivuka wiki mbili, rudi wakague kwanza mwelekeo wa namba ya pili na PD, kabla hawajakushawishi kupima upya.

Kwa mtoto, sharti moja la ziada: apimwe baada ya matone ya kulegeza misuli ya jicho, si kwa mashine tupu. Makengeza, au jicho moja linaloona hafifu, lianze kutibiwa kabla ya miaka 7, kwa sababu ubongo ukizoea kulipuuza jicho hilo, miwani ya baadaye hailiamshi vizuri.

Mwenye presha ya macho ataendelea na bingwa au tabibu wake maisha yote. Tia tone moja tu kila mara, fumba jicho, bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika 2 ili dawa isishukie kooni, na ukiwa na dawa mbili subiri dakika 5 kati yake. Kila ukienda kliniki, omba wakuandikie daftarini presha ya jicho la kulia, ya kushoto na tarehe ya kurudi, na ununue chupa inayofuata kabla ya hii kuisha.